Kifaa hakikuona kitu juu ya maji ya Sabaki: je, kweli mto hutoa hewa ya kaboni?

Swali: Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya upili hapa Malindi. Wanafunzi wa klabu ya mazingira wamesoma kwamba mito hutoa hewa ya kaboni nyingi angani. Tulichukua kifaa cha kupimia hewa ya chumbani, tukakishikilia karibu na maji chini ya daraja la Sabaki. Kilisoma 430, sawa na pale uwanjani shuleni. Je, jambo hili ni kweli? Na kama ni kweli, shule isiyo na maabara kubwa itapimaje? Mzazi mmoja naye ameuliza kama sasa tuseme mto unachafua hewa kama magari.

Jibu: Mwalimu, jambo hilo ni kweli, na kifaa chenu nacho kilisema kweli. Kilipima hewa ya juu ya maji, na hewa hiyo haikai mahali. Upepo wa pwani huizoa na kuleta nyingine kutoka baharini kabla gesi inayotoka mtoni haijapata kurundikana. Mto unaweza kutoa gramu 3 za kaboni kwa siku katika kila mita ya mraba, na bado kifaa kilichoshikwa mkononi kisionyeshe tofauti ya maana. Ushahidi umo majini. Ama mpime gesi iliyoyeyuka ndani ya maji, ama mfunike kipande cha maji na kuangalia hewa mliyoifungia inapanda kwa kasi gani. Yote mawili yanawezekana kwa beseni moja na kifaa kilekile mlicho nacho, na sehemu kubwa ya jibu hili inahusu beseni hilo.

Kwanza kiini cha jambo. Hewa ya siku hizi ina kaboni dioksidi, ndiyo hiyo mnayoiita hewa ya kaboni, sehemu 425 hivi kwa milioni. Kuanzia hapa nitaandika namba peke yake. Maji yakikaa na hewa hiyo mpaka yasitoe wala yasipokee, kwa joto la nyuzi 30 yatakuwa yameshika takriban mikromoli 13 za gesi hiyo kwa lita (moli ni kipimo cha wakemia cha wingi wa chembe, milimoli ni sehemu yake ya elfu, mikromoli ni sehemu yake ya milioni). Mito mingi imeshika mara kadhaa ya kiasi hicho. Makadirio ya Peter Raymond na wenzake ya mwaka 2013 yaliweka kiwango cha kati cha mito na vijito vya dunia kwenye 3,100 hivi, zaidi ya mara saba ya hewa, na jumla ya kaboni inayotoka kwenye mito hiyo kwenye tani bilioni 1.8 kwa mwaka. Mafuta, makaa ya mawe na gesi tunayochoma hutoa kaboni tani bilioni 10 hivi. Mwaka 2015 Alberto Borges na wenzake walichapisha vipimo vya mito 12 ya Afrika kusini mwa Sahara, na ikawa wazi kwamba mito ya bara hili haiwezi kuachwa nje ya hesabu ya dunia.

Gesi hiyo ina chimbuko la namna mbili. La kwanza ni udongo. Mizizi na vijidudu hupumua ardhini, na kwa kuwa hewa ya udongoni haina pa kukimbilia upesi, kaboni dioksidi humo hupanda mpaka asilimia 1 na zaidi, yaani 10,000 na kuendelea. Mvua ikinywewa na ardhi hiyo huibeba, na maji yanapochuruzika kwenye chemchemi na kingo za mto hufika yakiwa yamejaa gesi. La pili ni uozo ndani ya mto wenyewe: majani, samadi, kinyesi cha viboko, na majitaka. Kwa mto wenu hili la mwisho si dogo. Maji yanayopita chini ya daraja la Sabaki yameanzia nyanda za juu karibu na Nairobi yakiitwa Athi, yakapokea mto Tsavo, yakaitwa Galana, ndipo yakawafikia. Eneo lote linalochangia ni kilomita za mraba 47,000 hivi. Vipimo vilivyochukuliwa Athi ya juu mwaka 2011 na 2012 vilionyesha jinsi majitaka ya Nairobi yanavyoubadilisha mto: oksijeni ilishuka hadi asilimia 36 mpaka 67 ya kiwango ambacho maji yangepaswa kushika, na methani ikawa juu sana. Oksijeni inapoliwa hivyo, kaboni dioksidi inazaliwa mahali pake.

Sasa beseni. Tafuteni la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 30 hivi na kina cha sentimita 13, lenye kuta zilizosimama. Linaelea likiwa limepinduliwa, ukingo ukizama sentimita 3 tu, ili sentimita 10 za hewa zibaki ndani. Fungeni maboya ya nyavu matatu au manne kwa nje, kwa urefu mmoja, beseni lisiegemee upande. Ukingo usizame zaidi ya hapo, kwa sababu kuta ndefu majini huvuruga uso wa maji, na uso ndio mlango wa gesi. Lifunikeni lote kwa foili. Bila foili jua la Malindi hupasha hewa ya ndani, hewa hutanuka, na baadhi yake hutorokea chini ya ukingo. Juu kabisa toboeni tundu dogo, mpitishe mpira mwembamba wenye kibanio, mzibe pembeni kwa silikoni. Mpira huo huachwa wazi wakati beseni linawekwa majini ili hewa isisukumwe, kisha hubanwa.

Kifaa kinaning'inizwa ndani, juu, pamoja na betri yake. Msiamini hesabu ya kipenyo na kina kupata ujazo wa hewa, maana mabeseni hupanuka kuelekea mdomoni: jazeni maji kwa chupa yenye alama mpaka mstari wa kuelea, mhesabu lita, kisha mtoe ujazo wa kifaa na betri. Ujazo huo mkiugawanya kwa eneo la mdomo mnapata kimo halisi cha hewa. Kwa beseni la mfano wetu ni lita 7 juu ya mita za mraba 0.07, yaani kimo cha mita 0.1.

Kuna mambo mawili ya kifaa yanayoharibu kazi kuliko yote. Vifaa vingi vya chumbani hujirekebisha vyenyewe: kila baada ya siku kadhaa huchukua kiwango cha chini kabisa kilichoonekana na kukihesabu kuwa ndicho hewa safi, 400 hivi. Chumbani ni jambo jema. Kikikaa ndani ya beseni lililo juu ya maji kwa siku nyingi, kitaifanya 2,000 kuwa 400 na hakitawaambia. Tafuteni kwenye mpangilio wake mahali pa kuzima tabia hiyo; kama haizimiki, kipeni kifaa siku nzima nje penye upepo kabla ya kila safari, na msikiache majini usiku mwingi mfululizo. Jambo la pili ni umande. Hewa ndani ya beseni hushiba mvuke, matone yakajikusanya kwenye jicho la kifaa, na namba ikaruka maelfu kwa kisomo kimoja. Gesi ya mto haipandi hivyo. Mkiona mruko wa namna hiyo tupeni kipimo, mkikaushe kifaa kivulini robo saa, mwanze upya. Kofia ndogo ya plastiki yenye matundu pembeni huzuia matone ya mawimbi, lakini mvuke haizuii.

Kabla ya kwenda mtoni jaribuni uvujaji. Bandikeni ukingo wa beseni juu ya kioo kwa vaselini, pulizeni pumzi moja fupi kupitia mpira, mbane. Pumzi ya mtu ina kaboni dioksidi asilimia 4 hivi, kwa hiyo nusu lita yake ndani ya lita 7 inapandisha kisomo kwa zaidi ya 2,500. Kisomo kikikaa karibu palepale kwa dakika 20, beseni liko sawa. Kikishuka, tafuteni ufa kwenye silikoni. Jaribio hilohilo linawafundisha wanafunzi hatari ya pumzi zao: anayeinamia beseni wakati linawekwa majini anaweza kuongeza gesi kuliko mto. Kaeni upande unakoelekea upepo, na kama mko kwenye boti ya mashine, zimeni mashine kabla ya kuweka beseni.

Usalama hauna mjadala. Sabaki ina viboko na mamba. Mwanafunzi hateremki majini, hata ya magotini. Kazi ya mtumbwi ifanywe mchana, na watu wazima wawili pamoja na mwenyeji anayejua viboko wanalala wapi. Asubuhi na mapema au jioni msiwepo. Wanafunzi wabaki darajani au mahali pa juu wakiandika visomo.

Kipimo chenyewe ni kifupi. Achieni mtumbwi uende na maji, beseni likielea kando yake. Wengi hulifunga beseni kwenye mti ukingoni, mto ukapita chini yake kwa kasi, viwimbi vikazunguka ukingo, na jibu likawa kubwa kuliko ukweli. Likielea pamoja na maji, uso wa ndani unabaki na hali ya uso wa nje. Wekeni taratibu, baneni mpira, subirini dakika moja, kisha andikeni kisomo kila nusu dakika kwa dakika 10. Rudieni mara tatu, na kila mara lipindueni beseni wazi kwa upepo mpaka kisomo kirudi karibu na 430.

Chukueni mpando wa dakika tano za mwanzo tu. Kadiri hewa ya ndani inavyojaa ndivyo maji yanavyopunguza kuisukumia gesi, na mstari hujikunja. Kwa joto la nyuzi 30 hesabu ni hii: mpando kwa dakika, mara kimo cha hewa kwa mita, mara 57.9, unapata milimoli kwa mita ya mraba kwa siku. Tuseme kisomo kilipanda 40 kila dakika. 40 mara 0.1 mara 57.9 ni 232. Kila milimoli ni miligramu 12 za kaboni, kwa hiyo ni gramu 2.8 za kaboni kwa mita ya mraba kwa siku. Ikiwa watahiniwa wa kidato cha nne wanataka kujua 57.9 imetoka wapi, ni moli 40.2 za gesi katika mita moja ya ujazo kwa joto hilo, mara dakika 1,440 za siku, ikigawanywa kwa elfu moja.

Beseni hilohilo linatoa namba ya pili. Baada ya kipimo cha mwendo, lifungeni mahali tulivu penye maji yanayopita na mliache saa nne. Hapa kufungwa hakudhuru, kwa sababu hamtafuti tena kasi. Mnangoja hewa ya ndani ilingane na maji. Kwa mfano wetu, baada ya saa tatu na robo itakuwa imefika asilimia 95 ya safari, na baada ya saa nne asilimia 98. Kisomo kikisimama kwenye 2,900, hicho ndicho kiwango cha mto. Kwa hiyo katika siku moja mmepata gesi iliyomo majini na gesi inayotoka, na mkigawanya ya pili kwa tofauti ya majini na hewani mnapata kitu ambacho kwa maoni yangu ndicho somo kubwa la kazi hii nzima: kasi ya kuhama kwa gesi.

Kasi hiyo huandikwa kwa herufi k na hupimwa kwa mita kwa siku. Inasema ni kimo gani cha maji kinachofanikiwa kubadilishana gesi na hewa katika siku moja. Mito miwili yenye 3,000 sawasawa inaweza kutofautiana mara kumi kwa kile inachotoa, na sababu ni k. Raymond na wenzake walitoa mwaka 2012 kanuni rahisi: zidisha kasi ya maji kwa mwinamo wa mto (mita unazoshuka kwa kila mita ya mwendo), zidisha kwa 2,841, jumlisha 2.02. Mto wa tambarare unaokwenda mita 0.6 kwa sekunde na kushuka nusu mita katika kila kilomita unapata 2.9. Kijito cha mlimani kinachokwenda mita 0.5 kwa sekunde na kushuka mita 20 katika kilomita kinapata 30. Kanuni hiyo imewekewa maji ya nyuzi 20. Kwa maji yenu ya nyuzi 30 zidisheni kwa 1.3, maana gesi husafiri upesi zaidi katika maji ya moto. Basi 2.9 inakuwa 3.7 hivi.

Jaribuni kulinganisha. Majini ni 2,900 na hewani 430, tofauti 2,470. Kwa nyuzi 30 kila 1,000 ni mikromoli 29.8 kwa lita, kwa hiyo tofauti ni 73.6. Beseni lilisema 232, na 232 kwa 73.6 ni k ya 3.2. Kanuni ilisema 3.7. Kwa kazi ya aina hii hayo ni makubaliano mazuri. Zikipishana mara mbili au tatu ndipo mrudi kutafuta kosa: beseni lilifungwa badala ya kuelea, kimo cha hewa kilikadiriwa, au upepo wa kusi ulikuwa unavuma kinyume na mto na kuinua viwimbi ambavyo kanuni haina habari navyo. Karibu na mlango wa mto, ambako maji ni mapana na hakuna mwinamo wa maana, upepo ndio hutawala k, na hapo aminini beseni kuliko kanuni.

Mkipata bomba la sindano la mililita 60 lenye koki ya njia tatu, kuna njia ya kuhakikisha kiwango cha majini bila kungoja saa nne. Vuteni mililita 30 za maji kutoka chini ya uso, bila povu hata moja, kisha mililita 30 za hewa safi ambayo mmeisoma. Fungeni koki, tikiseni dakika tano huku bomba likiwa kwenye ndoo ya maji ya mto ili joto lisibadilike, kisha sukumeni gesi peke yake kwenye bomba kavu. Kifaa cha chumbani hakifai kwa gesi kidogo namna hii, kwa hiyo bomba hilo lipelekwe kwenye maabara yenye mashine ya kutenganisha gesi siku hiyohiyo. Jibu la maabara si kiwango cha mto bado, kwa kuwa sehemu ya gesi imehamia kwenye hewa mliyoongeza. Kwa ujazo sawa na nyuzi 30, chukueni jibu, ongezeni mara 1.35 ya tofauti kati ya jibu na hewa mliyoanza nayo. Maabara ikisema 1,500 na hewa ilikuwa 430, mto ni 1,500 na 1,444, yaani 2,944. Kwa nyuzi 25 badala ya 1.35 tumieni 1.2. Maji yenye bikaboneti nyingi huongeza gesi kiasi wakati wa kutikisa, kwa hiyo hesabu hii rahisi huelekea kuzidisha, na kwa maji yenye alkaliniti (uwezo wa maji kumeza asidi) ya milimoli 2.5 kwa lita katika viwango hivi ziada ni karibu asilimia 10.

Maji yachotwe vizuri. Ndoo ikiangushwa kutoka darajani hupiga maji na gesi ikatoka kama soda iliyotikiswa. Tumieni chupa yenye mdomo mwembamba iliyofungiwa uzito, izame na kujaa chini ya uso. Na hewa ya kulinganishia msiichukue darajani lori likipita.

Najua mwalimu wa kemia atavutwa na njia ya tatu: kupima pH na alkaliniti na kukokotoa gesi. Vifaa vipo shuleni tayari. Siwakatazi, lakini isiwe njia yenu ya kwanza. Chukua maji ya nyuzi 28 yenye alkaliniti ya milimoli 2.5 na pH ya 7.6: hesabu inatoa karibu 4,400. pH hiyo ikisomwa 7.7, hesabu inatoa karibu 3,500. Kosa la 0.1, ambalo kipimo cha shule hufanya bila kujua, limepoteza 900. Karatasi za rangi hazifai kabisa. Tena maji yakikaa kwenye bika wazi gesi hutoka na pH hupanda, na kwenye maji meusi ya mabwawa yenye asidi za majani yaliyooza, asidi hizo huhesabiwa kama alkaliniti na jibu likaweza kuzidi ukweli maradufu. Mkiifanya, pimeni pH palepale mtoni, na chujeni maji kabla ya kutitresha, yaani kuyadondoshea asidi kidogo kidogo ili kupima alkaliniti: tope la Sabaki likibaki, chembe zozote za chokaa zilizomo huyeyuka kwenye asidi na kuongeza jibu. Asidi ya haidrokloriki ya moli 0.02 kwa lita ni bora kuliko ya 0.1, kwa sababu mililita 50 za maji hayo zitakula mililita 6.25 za ile na 1.25 tu za hii, na bureti ya shule haisomi vizuri kiasi kidogo hivyo.

Tope lenyewe lisiwapoteze. Katika utafiti uliochukua maji ya Sabaki ya chini kila wiki mbili kuanzia Oktoba 2011 hadi Desemba 2013, tope lilifika gramu 3.8 kwa lita, lakini kilele chake mara chache kiliangukia siku ambazo mto ulikuwa umejaa zaidi. Sehemu ya kaboni ya uozo ndani ya tope hilo ilitoka asilimia 0.3 hadi 14.9, na ilikuwa kubwa zaidi mto ulipokuwa chini na maji yana tope kidogo. Basi maji mekundu si lazima yawe na gesi zaidi ya maji ya kiangazi yanayoonekana safi. Rangi ya mto haitawapa jibu.

Kuhusu wakati, mambo matatu. Karibu na mlango, maji kujaa huingiza maji ya bahari, ambayo hayako mbali na kiwango cha hewa na ambayo chumvi yake inapunguza uwezo wa kushika gesi kwa asilimia 14 hivi. Pimeni maji yakiwa yamekupwa, andikeni chumvi kila mara, na siku za bamvua pandeni juu zaidi. Wasomaji wa Lamu, ambao hawana mto mkubwa kisiwani, wanaweza kutumia beseni hilihili kwenye mikondo ya mikoko, na kwao pia mwisho wa kupwa ndio wakati wa gesi nyingi, kwa sababu maji ya matope ya mikoko huchuruzika mkondoni wakati huo.

Usiku nao una hesabu yake. Mchana mimea ya majini huila kaboni dioksidi. Usiku hakuna anayeila na wote wanapumua. Uchunguzi wa mito 66 uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta utoaji wa usiku umezidi wa mchana kwa wastani wa asilimia 27. Sabaki ya masika haina mwanga chini ya sentimita chache, kwa hiyo natarajia tofauti ndogo, na kubwa zaidi Januari na Februari maji yakiwa machache. Mnaweza kulijua bila mtu kukaa mtoni: lifungeni beseni saa sita mchana kifaa kikijiandikia chenyewe, lichukuliwe kesho yake jua likiwa juu, na mlinganishe kisomo cha saa kumi alasiri na cha saa kumi na mbili alfajiri. Beseni la ujazo huu huchelewa nyuma ya mto kwa saa moja hivi, kwa hiyo msitafute mabadiliko ya dakika.

Msimu ndio mkubwa kuliko yote. Kipimo kimoja cha Agosti hakiwezi kuzidishwa kwa 365. Kama hamwezi kwenda kila wiki mbili, nendeni angalau kiangazi cha mwanzo wa mwaka, katikati ya masika, Agosti, na vuli, na mwongeze siku za furiko la kwanza baada ya ukame, wakati mvua inaposukuma mtoni gesi ya udongo na uchafu wa miezi.

Sasa mzazi. Mpeni hesabu ya kilomita moja. Mto wenye upana wa mita 50 una mita za mraba 50,000 katika kilomita, na kwa gramu 2.8 unatoa kilo 140 za kaboni kwa siku, ambazo ni zaidi ya kilo 510 za kaboni dioksidi. Lita ya petroli ikichomwa hutoa kilo 2.3 hivi, kwa hiyo kilomita hiyo ni sawa na lita 220 za petroli kwa siku. Namba hiyo ni kubwa, na ikisemwa peke yake inadanganya. Kaboni ya petroli ilikuwa imezikwa kwa mamilioni ya miaka na inaongezwa angani upya. Kaboni ya mto kwa sehemu kubwa ilikuwa angani juzi. Ikavutwa na mahindi, nyasi na miti ya bonde zima, ikaoza, na mto unairudisha. Maana yake kwa hesabu ya nchi ni nyingine: misitu na mashamba yakihesabiwa kuwa yamehifadhi tani fulani, sehemu ya tani hizo imeondoka kwa njia ya maji na ni lazima itolewe.

Ila si yote ya asili. Majitaka yasiyosafishwa ya miji ya juu, makorongo ya mashamba yaliyoachwa wazi, na mabwawa ambayo maji ya chini hukosa oksijeni huongeza gesi ambayo mto ulioachwa na hali yake usingeitoa, na pamoja nayo huja methani, ambayo kwa miaka 100 hupasha dunia mara 27 kuliko kaboni dioksidi kwa uzito uleule. Beseni lenu haliwezi kutenganisha sehemu hiyo na ile ya asili. Kwa hilo pimeni oksijeni na amonia kila siku ya kipimo: siku ambazo gesi iko juu, oksijeni iko chini na amonia imepanda, mnaona uozo wa uchafu ukitenda kazi ndani ya maji, siku ambazo gesi iko juu na amonia haipo, yaelekea ni pumzi ya udongo iliyoletwa na mvua.